Siku Komanda Alipopanda Farasi wa Watoto

Idi iliyopita nilirudi Kindu, mji wetu wa kando ya mto, na tangu asubuhi watoto wa dada yangu walinivuta mkono niwapeleke kwenye nyumba ya upepo. Ndivyo wanavyoiita. Ni jumba la plastiki, jekundu na buluu, linalojazwa hewa kwa mashine, watoto wanaingia ndani kurukaruka. Mwenye nalo amelisimamisha kwenye uwanja mmoja si mbali na stesheni, akaweka viti, kisanduku cha soda na muziki wa kuziba masikio. Niliwaingiza watoto, nikakaa kivulini.

Haukupita muda, baba mmoja aliyevaa suti alivua koti, akampa mke wake, akaingia katikati ya watoto na viatu vyake miguuni. Aliruka kwa bidii kama mtu aliyetumwa na ofisi. Mtoto mmoja alirushwa juu ya mwenzake, mwingine akakanyagwa vidole. Mama mmoja alimwambia, "Papa, watoto wako ndani humo," naye akajibu kwamba ameingia kwa haki kama wengine. Kisha tukasikia hewa ikitoka, ukuta mmoja ukaanza kulala, na jumba zima likainama kama mtu anayesinzia msikitini. Watoto walitolewa wazima, wakilia. Baba yule alitoka mwisho, kwa magoti, shati nje. Na watu wazima waliokuwa pale, karibu wote, walikuwa wameinua simu wanamchukua video. Hata mke wake, koti likiwa begani.

Nilirudi nyumbani nikimfikiria koko, bibi yangu mzaa mama. Wewe hukumjua, lakini ungefika Kindu miaka ile ya vita, ukauliza kwa Farasi ni wapi, mtoto yeyote angekushika mkono akulete kwake.

Miaka ile mji ulikuwa kama chupa iliyofungwa kizibo. Treni haikuja. Mashua za kutoka Lokandu zilipita kwa kuomba ruhusa, na mara nyingi hazikupita. Ng'ambo ya mto kulikuwa na bunduki, nyuma ya mashamba kulikuwa na bunduki, na mjini kwenyewe walitawala askari ambao hatukuwachagua. Chumvi ilikuwa kitu cha kunong'onezana. Tulikula sombe, yale majani ya muhogo, bila chumvi, wali bila chumvi, tukazoea. Shule nyingi zilikuwa zimefungwa, na sisi watoto tulizurura kutwa nzima, jambo lililowatisha wazazi, maana mtoto anayezurura anaonekana na askari wanaotafuta wabeba mizigo.

Basi jirani yetu, fundi wa reli asiye na reli ya kutengeneza, alikuja siku moja kwa koko akamwambia kiwanja chako ni kipana, nina wazo. Kwa wiki kadhaa tulisikia msumeno na nyundo. Alipomaliza, katikati ya kiwanja palikuwa na mlingoti wa chuma, juu yake gurudumu, na kwenye gurudumu walining'inia kwa kamba farasi wanne wa mbao wenye mikia ya katani. Wakubwa wawili wakisukuma nguzo zilizofungwa kwenye mlingoti, farasi wanazunguka. Pembeni akafunga na bembea. Malipo yalikuwa kipande cha kuni au kiazi, na asiyekuwa na kitu alipanda vilevile.

Ijumaa baada ya swala pakajaa. Waislamu walikuja, Wakristo walikuja, na Jumapili wakaja tena. Koko alikaa kwenye kigoda karibu na jiko lake la nje, akikaanga vitumbua kwa mafuta ya mawese pale unga wa mchele ulipopatikana, na ile harufu ilitosha kuwa nusu ya sikukuu. Mlingoti ulilia, kwii, kwii, kila mzunguko. Mpaka leo nikisikia mlango usiopakwa mafuta nasimama.

Usidhani wageni wote walikuwa watoto, wala kwamba walikuwa na adabu. Nimeona mambo kwenye kiwanja kile. Alikuja mfanyabiashara mmoja kutoka Kampene, mtu wa saa ya dhahabu, akajilaza tumbo juu ya farasi wa mbele na kusema huyu ni wake mpaka jioni. Akalala usingizi kweli, anakoroma, watoto wamepanga mstari. Alikuja mama mmoja na mwanawe mwenye ndevu zinazochipua, akaapa kwamba ni mdogo, ni mwili tu. Na siku moja bi harusi, na hina yake mikononi, alimng'oa mtoto wa watu kwenye farasi, akapanda yeye, akazunguka huku analia. Alisema tangu azaliwe hajawahi kuchezeshwa na mtu. Huyo, koko alimwacha azunguke mpaka alipochoka mwenyewe, kisha akampa kitumbua.

Sisi tulikuwa na hamu ya kucheka. Koko hakuturuhusu. Alikuwa na neno lake, alilisema kwa sauti ya chini bila kuinua macho kwenye kikaango: "Tazameni miguu yenu." Maana yake, mtu amejivua heshima, usimsaidie kuivua. Tulitazama miguu yetu mpaka tukajua kila kovu.

Mmoja wa wageni wa kila Ijumaa alikuwa mwalimu wetu. Alikuwa amekusanya watoto wa mtaa akawa anatufundisha barazani kwake, bila mshahara, kwa ubao uliokatwa kutoka kwenye mlango. Mwembamba, koti lilelile jua na mvua, uso mkavu. Tuliamini kabisa kwamba uso ule haukuwekewa mahali pa kicheko. Alikuja na binti yake mdogo, akampandisha farasi, akasimama kando mikono nyuma, kana kwamba anasimamia mtihani.

Siku ya Idi ninayotaka kukusimulia, koko alikuwa amehangaika kupata unga. Alikuwa amekoroga beseni kubwa la uji wa vitumbua, akaliweka chini karibu na jiko uumuke. Sote tulikuwa tumeogeshwa na kupakwa mafuta. Ndipo akaingia komanda wa askari wale, na vijana wake nyuma yake. Muziki haukuwepo, lakini ungedhani mtu ameuzima. Hata mlingoti uliacha kulia.

Komanda alizunguka farasi, akawapapasa shingo. Kisha akasema watoto washuke.

Fundi wa reli akajikaza. "Komanda, hii iko ya watoto. Mbao yake haiwezi muntu mukubwa."

"Na mimi nilizaliwa mukubwa?" akajibu Komanda.

Watoto walishushwa. Alipanda farasi wa mbele, magoti yakafika kifuani, bunduki mgongoni. Vijana wake wakashika nguzo. Alisema wasukume, wakasukuma. Alisema mbio, wakakimbia. Tulimwona akipita na kupita, mara uso, mara mgongo, mwanzoni anatabasamu, halafu tabasamu limekauka, halafu macho yamefumbwa. Hakusema wasimame. Nadhani aliona haya kusema, na wao waliogopa kusimama bila kuambiwa. Mwishowe sikio la farasi lilimkatikia mkononi, na hapo ndipo walipoacha.

Alishuka akiwa ameshika lile sikio. Alitaka kutembea kuelekea kwa koko, nadhani aombe maji. Lakini miguu ilimpeleka kando, kama kaa. Akapita bembea, akapita kuni, akageuka nusu, na akakaa, kwa uzito wake wote, ndani ya beseni la vitumbua.

Uji uliruka mpaka kwenye ukuta. Nakuambia tulitazama miguu yetu. Kiwanja kizima, watoto na wakubwa, tulikuwa tumeinamisha vichwa kama watu wa rukuu. Hata vijana wake waliuma midomo. Na katika ukimya ule mwalimu akacheka.

Hakikuwa kicheko cha dharau. Kilimtoka tumboni, kikubwa, kama pipa tupu linaloviringika mtelemkoni. Alijaribu kukizuia kwa koti, kikapita pembeni. Machozi yalimtoka. Binti yake alikuwa anamtazama, naye akaanza kutabasamu, bila kuelewa.

Komanda alisimama, uji unamchuruzika. "Nani njo anacheka?"

Koko alikuwa ameshafika. "Hapa kila muntu anacheka, Komanda. Njo kazi ya hapa. Watoto, chekeni."

Tulijaribu. Nakumbuka nilifungua mdomo na hakuna kitu kilichotoka. Mtoto mmoja nyuma yangu akaanza kulia, na kilio chake kikasikika vizuri kabisa.

"Ni mimi," akasema mwalimu. Alikuwa amenyamaza sasa. "Munisamehe. Ilinishinda."

Koko hakungoja jibu. Alifungua kikwembe chake, kile kitenge cha juu, akakizungusha kiunoni mwa Komanda kama anamvalisha mtoto, akamwambia avue suruali ili amfulie upesi. Na mtu yule, ambaye jina lake lilifanya watu wafunge madirisha, alikaa kwenye kigoda ndani ya kikwembe cha ndege wa manjano, akanywa tangawizi, mpaka suruali ikafuliwa na kukamuliwa. Nilianza kuamini imekwisha. Akavaa suruali mbichi, akakunja kikwembe vizuri, akakirudisha kwa mikono miwili, akasema, "Asante, Mama." Kisha akawageukia vijana wake. "Mualimu, tunaenda naye."

Binti alibaki karibu na farasi. Mama yangu alimbeba mgongoni ingawa alikuwa mkubwa wa kutembea.

Koko alipakua pilau yote ya Idi iliyokuwa kwenye sufuria, akaitia kwenye bakuli la kufunika, akajitwisha. Fundi wa reli alimfuata, na ni yeye aliyetusimulia baadaye. Langoni mwa kambi waliambiwa wangoje. Walingoja jua likiwapiga, na kutoka ndani walisikia watu wakicheka, wanatulia, wanacheka tena. Komanda alipotoka, koko alimpa bakuli kwanza. Ndipo akasema, "Komanda, mumecheka ya kutosha. Unirudishie mugeni wangu. Alikuwa kwangu."

"Na mimi sikuwa mugeni wako?"

"Wewe pia. Njo maana nilikufulia suruali."

Fundi anasema Komanda alimtazama koko muda mrefu, na kwamba yeye fundi alikuwa ameshaanza kutamka shahada moyoni, ingawa ni Mkatoliki. Kisha lango likafunguliwa.

Walirudi kabla ya magharibi. Mwalimu alitembea ameshika kuta za nyumba za watu, na koko alibeba viatu vyake. Hakuna aliyetuambia kitu. Siku chache baadaye kijana mmoja wa wale askari alimwambia fundi walichofanya. Walimwambia aweke kidole chini, ainame, azunguke pale pale. Akianguka wanacheka, wanamwamuru acheke nao, halafu anaanza upya.

Ijumaa iliyofuata watu walikuwa wachache. Sisi tulikuwepo kwa sababu ni nyumbani. Tukamwona mwalimu anaingia, amemshika binti mkono. Fundi aliacha kupaka mlingoti mafuta. Mwalimu alisalimu, akampandisha binti kwenye farasi wa mbele, yule asiye na sikio. Kisha alivua koti. Hatukuwahi kumwona bila koti. Alilikunja, akaliweka juu ya kuni, akapanda farasi wa nyuma, magoti kifuani.

"Zungusheni," alituambia. "Polepole."

Tuliingia nguzoni, mimi na watoto wengine, tukasukuma. Kwii, kwii. Mwalimu alikuwa amefumba macho na mikono yake imekaza kamba mpaka mishipa ikatokeza. Binti alikuwa anageuka kumwangalia. Hatukujua tusimame lini, basi tuliendelea, polepole kama alivyosema, mpaka mikono yake ikalegea na akafumbua macho. Aliposhuka alisimama kidogo ameshika mlingoti. Akavaa koti, akafunga vifungo vyote. "Kesho," akasema, "hesabu za kugawanya. Asiyejua jedwali la saba asije."

Vita viliisha kwa namna vilivyoisha. Siku treni ya kwanza ilipopiga honi, kiwanja kilikuwa kitupu ndani ya dakika moja, watoto wote wamekimbilia stesheni, na kwa kweli hawakurudi kama zamani. Shule zilifunguliwa. Mvua ilikula farasi mmoja mmoja. Koko alifariki, fundi alihamia kwa mwanawe, huko Tunda, na kwenye kiwanja kile sasa kuna nyumba ya matofali na watu ambao sikuwajua, wakanikaribisha maji kwa upole. Hakuna anayesema tena kwa Farasi.

Mwalimu alinifundisha mpaka nilipomaliza shule ya msingi. Alizeeka, akafa nikiwa Kisangani. Safari hii nilikwenda kumwamkia mjane wake. Nilimkuta barazani na ungo wa mchele mapajani, anatoa mawe. Tulizungumza ya watoto, ya bei, ya magoti yake. Nikamuuliza kama mwalimu alikuwa mtu wa kucheka nyumbani, maana sisi tulimsikia siku ile moja tu.

"Eee, mwanangu," akasema. "Alikuwa anacheka mpaka majirani wanakuja kuuliza iko nini kwenu. Nilikuwa namwambia apunguze."

"Na kisha ya ile Idi?"

Alipepeta ungo, akapuliza makapi, akaendelea kutafuta mawe kwa kidole kimoja.

"Kisha ya ile Idi," akasema, "alikuwa anatabasamu tu."