Maziwa ya Severa

Severa na mumewe Isidori wanauza vitenge Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo. Mtoto wao wa kwanza, Allan, alifariki akiwa mchanga. Macho yake yalikuwa ya manjano na kila akinyonya alitapika. Mama mkwe alimsihi Severa amnyonyeshe zaidi ili apate nguvu, naye akamnyonyesha mpaka mwisho.

Alipozaliwa Nice, macho yake nayo yakaanza kugeuka manjano. Safari hii Severa hakumsikiliza mtu, akamkimbiza hospitali. Majibu ya vipimo yalipotoka, daktari akawaita yeye na mumewe.

“Mtoto amerithi ugonjwa kutoka kwenu wote wawili, ingawa ninyi hamuumwi,” alisema. “Mwili wake hauwezi kuvunja sukari iliyomo kwenye maziwa, kwa hiyo inamharibia ini. Mama, usimnyonyeshe tena. Tutampa maziwa ya soya.”

“Hata maziwa yangu mimi?”

“Hata yako.”

Severa alimtazama mumewe. “Kumbe Allan nilimuua mwenyewe.”

“Usiseme hivyo,” Isidori alijibu.

Nice alipata nafuu na akaanza kunenepa. Lakini wiki zile za mwanzo, kila alipolia, maziwa yalimchuruzika Severa yakalowanisha blauzi. Alimwachia Isidori mtoto na chupa ya soya, akaenda bafuni nyuma ya duka kuyakamua na kuyamwaga. Alilia humo peke yake, akajifuta uso, akarudi kuhudumia wateja.