Bachura Balipata Kiti ya Mudogo Wangu

Gari iliondoka na bachura. Mudogo wangu alibakia amesimama mu parcelle ya misioni, pale ku Beu, mu mji ya Beni, sakoshi mukononi, passeport mu mufuko ya gauni, biatu bipya binamufinya bidole. Masasi za bunduki zilikuwa zinalia upande ya uwanja ya ndege. Mu ile Land Cruiser kulikuwa biti saba. Batu baliikala sita. Ya saba iliikaliwa na bachura, bote bamekufa, bamelala mu alcool kama balevi ya Bonne Année, siku ya mwaka mupya. Na mutu mwenye alibapanga pale ni mimi.

Mi niliachaka masomo mu mwaka ya ine primaire. Papa alikufa, nikaingia mu kazi ya kupakia ma camion ku Butembo: kahawa, maharagi, mbao, sabuni. Mudogo wangu, yeye, kichwa yake ilikuwa ya kusoma. Mama alilima, mi nilipakia, yeye alisoma, hivyo njo tuligawanyaka kazi. Alifika mpaka ku institut moja ya Butembo, biologie, mwaka ya tatu.

Pale kulikuwa kitu baliitaka échange. Mu vacances kubwa, banafunzi ba bazungu banakuja kwetu wiki sita kufanya recherche, njo utafiti, kisha mwanafunzi mumoja ya kwetu anaenda nabo, anafanya wiki sita mu laboratoire yao. Batatu banakuja, mumoja anaenda. Ni hesabu ya bazungu, mi sisemi kitu. Balifanya test, mudogo wangu akapita banaume bote, pamoja na neveu, mutoto ya dada ya Professor mwenye aliongozaka ile échange. Ile siku Professor alimupa mukono kama mutu anashika samaki yenye imeoza.

Na vita ilikuwa mu inchi. Ile ya pili, yenye waasi baligawanyika, kila mukubwa na bendera yake na barrière yake ya kufunga barabara. Utauliza: nani analeta batoto ba batu mu mahali kama ile? Ni Professor wetu. Ku barua ya kuita bazungu aliandika «calme relatif». Nikauliza mudogo wangu maana yake ni nini.

«Yaya,» akasema, juu mi ni mukubwa yake, «maana yake banapigana, lakini hapana siku ya Yenga, siku ya kusali.»

Kazi yao ilikuwa bachura. Ya kukula, hapana. Ya kuangalia tu. Mama aliposikia hivyo, aliuliza kama kule Ulaya yabo bameisha. Balinichukua juu ya kubeba, tukaenda kukaa upande ya Eringeti, mu bidimbwi ya pembeni ya mashamba. Bazungu baliingia mu matope na ma bottes ya bei kali, banaanguka kama batoto banajifunza kutembea. Mudogo wangu aliingia miguu wazi, gauni amefunga ku kiuno, na kila chura alishika kabla haijamaliza kulia. Banaandika ku karatasi kidogo: mahali, siku, urefu. Kisha mu chupa ya kioo, alcool juu, kifuniko. Mwisho ya mwezi tulikuwa na kesi tisa, masanduku ya kupangia chupa.

Ku kurudia Beni, ku barrière, soda mumoja, askari ya waasi, alifungua kesi, akanusa.

«Masanga?» akauliza. Kwa Lingala yao ni pombe.

«Chef,» mudogo wangu akamujibu, «kunywa tu. Kesho tumbo yako itakuwa musée ya bachura.»

Benzake balicheka mpaka balisahau kutuomba kitu. Yule mutoto alikuwa hivyo, aliwezaka kucheza na mutu ya bunduki na kupita. Nabaambia juu mujue ni nani balimuacha pale.

Tulilala mu nyumba ya misioni. Kesho yake saa mbili ya asubui, bakubwa babili ba waasi balianza kugombania mji. Chef ya bazungu, mama moja ya nywele mufupi, akasema tunatoka sasa hivi na barabara ya Kasindi, tuvuke mupaka ya Uganda. Professor alikuwa anakimbia mu parcelle na cravate ya shingo imegeuka ku mugongo. «Pakia! Pakia!» akanipigia kelele.

Basi nikapakia. Sasa musikilize vizuri, juu hapa njo dhambi yangu iko. Mu camion ya Butembo, muzigo njo inaingia ya kwanza. Unapanga, unafunga, unajaza mpaka juu, kisha batu banapanda juu ya muzigo. Hivyo njo tumefanyaka tangu zamani, na mukono yangu haikujua namna ingine. Nikaweka kesi tisa pale nyuma, majani ya ndizi katikati juu chupa zisigongane, sakoshi za bazungu pembeni. Hakuna kitu ilitikisika. Nikarudi nyuma nione kazi yangu, nikasikia hata furaha. Njo nikakumbuka: Land Cruiser iko na paa juu yake kama nyumba. Mutu atapanda juu ya bachura wapi?

Kiti ya saba, ya mudogo wangu, ilikuwa pale chini, imezikwa.

«Yaya, toa kesi mbili tu,» mudogo wangu akasema. Polepole, hakulia.

Nikatia mukono. Professor akanipiga ku bega. «Usiguse! Hatuna wakati, na ukivunja chupa umevunja recherche yote!»

Chef ya bazungu akauliza ni nini. Akaelezwa kwa Kifaransa ya mbio. Akaangalia kesi, akaangalia mutoto, akaangalia saa. Akasema mambo ya données, ile yote tuliandika, kazi ya mwezi muzima. Moja ya banafunzi bazungu, binti, akaanza kulia na kufungua mulango ashuke, benzake bakamuvuta.

Professor akageukia mudogo wangu na sauti ya mahubiri: «Binti yangu, wewe utakuja kesho na camion. Chura haiwezi kupanda camion. Mutu iko na miguu.»

«Prof,» akajibu, «hata chura iko na miguu. Ine.»

Mulango ikafungwa. Mi nilikuwa na nguvu ya kuangusha ile mulango, nilibebaka gunia mbili mara moja. Lakini Professor, mutu ya lunettes ku macho, alisema usiguse, na mimi, mutu ya mwaka ya ine primaire, sikugusa. Njo vile tulifundishwa.

Kesho yake masasi zilinyamaza kidogo, tukapata camion ya kahawa. Tulipanda juu ya magunia, yeye ameshika passeport mu kifua. Kabla ya kufika Kasindi, mu majani ya parc, ile mbuga ya banyama, balitupiga masasi. Hata leo sijui ni nani. Mi nilianguka upande moja na mufupa ya paja imevunjika. Yeye alianguka upande ingine, hakuamuka tena. Alikuwa na miaka makumi mbili na mbili.

Miaka ikapita. Mama akanituma ku institut, aliomba karatasi yoyote yenye iko na jina ya mutoto wake. Nikaingia mu bureau na fimbo yangu. Secrétaire alikuwa mama ya huruma, akatafuta, akapata dossier ya échange, akanisomea. Bachura balifika bote muzima, kama mutu anaweza kusema hivyo juu ya benye bamekufa. Na ku mustari ya mudogo wangu: «désistement volontaire». Nikaomba aeleze. Akaweka kidole pale.

«Papa, inasema alikataa kwenda. Mwenyewe.»

Saini ilikuwa ya Professor. Chini, saini ya ule mama ya nywele mufupi.

Yule bwana angali hai. Leo banamuita Professeur Ordinaire, njo ngazi ya juu ya ba professeur, anakaa ku benchi ya mbele mu kanisa yetu, na anaimbaka vibaya. Ule mukubwa wa waasi mwenye alipiga Beni asubui ile alipata cheo mu serikali. Yeye namuachia Mungu, siwezi kumufikia. Mi nimeungama yangu hapa, kesi tisa na mukono yenye ilisimama. Lakini ile mustari sikuiandika mimi.

Professor, mudogo wangu hakukataa. Alikuwa amevaa biatu bya safari. Kuja ku nyumba yetu mu mwangaza, ukae mbele ya mama, umuambie ni nani alikuambia kama mutoto wake alikataa. Kisha twende wote ku bureau, uchukue kalamu, ufute ile neno na mukono yako yenyewe, na uandike pale ni nani alikaa ku kiti yake.