Dawa ya Nozo na Ndoa ya Arua

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyenipa umri, macho ambayo bado yanaiona barabara na magoti ambayo bado yanakubali kuinama. Namshukuru kwa sehemu ya safari hii niliyoipenda na kwa ile niliyoichukia, maana zote mbili zilitoka kwake. Rehema na amani zimfikie Mtume wake. Baada ya hayo, nawasimulia jamaa na majirani walioniuliza imekuwaje nikachelewa kwenye ndoa ya binti yangu mwenyewe.

Hapa Naguru wengi mnamkumbuka Zamzam. Ni mtoto wa marehemu mdogo wangu, nami ni baba yake mkubwa. Alikaa kwetu tangu hajaanza shule mpaka akamaliza chuo cha ualimu, kisha akarudi Arua kufundisha, akae karibu na mama yake. Alipopata mchumba, mimi ndiye niliyekuwa walii wake, yule ambaye dini imempa haki ya kumwozesha. Akanipigia simu.

"Baba mkubwa, nataka jambo moja tu. Maneno ya kuniozesha uyaseme wewe, umekaa pale mkekani. Usiniozeshe kwa simu kama baba za wenzangu."

"Nitafika, mwanangu."

"Sema inshallah."

"Inshallah. Nani kakufundisha kunisahihisha?"

"Wewe."

Ndoa ilipangwa Jumamosi, baada ya swala ya alasiri. Shida ilikuwa gari. Mnalijua gari langu, limebeba wagonjwa wenu na jeneza moja au mawili. Tangu mwezi uliopita lilikuwa linatetemeka likisimama kwenye taa, na likipanda kilima cha Naguru linakohoa kama mzee wa kijiweni.

Jumatano nililipeleka Kawempe kwa fundi Bahati, Mkongomani wa Uvira ambaye amenitengenezea magari miaka mingi. Alisikiliza injini, akachomoa waya mmoja, akaurudisha.

"Papa, nozo zimejaa uchafu," aliniambia. Nozo ni vile vidude vyenye matundu madogo sana vinavyonyunyiza petroli ndani ya injini. Matundu yakiziba, petroli inadondoka badala ya kunyunyiziwa, na gari linakosa nguvu. Alinipa njia mbili. Ya kwanza, azitoe nozo zote akazioshe kwa mashine, kazi ya siku kadhaa. Ya pili, dawa: chupa ndogo inayomiminwa kwenye tangi, ichanganyike na petroli na kuyeyusha uchafu gari likiwa linatembea.

"Tangi ijae, chupa moja," alisema Bahati. "Tembea nayo hapa hapa mu Kampala wiki nzima. Uchafu yote itakimbilia mu filta. Nitabadilisha filta, ndiyo uende Arua."

"Ndoa ni Jumamosi, Bahati."

"Dawa haijue ndoa, papa."

Tulicheka, lakini mimi nilicheka huku naangalia saa. Filta ya gari langu, chujio la petroli, hakuwa nayo siku hiyo, akaniahidi ya Ijumaa. Nilijaza tangi, tukamimina chupa moja, nikarudi nyumbani nikiwa nimepanga kila kitu: Ijumaa asubuhi filta, mchana swala, jioni tulale Kigumba, Jumamosi saa sita tuwe Arua tumekaa kivulini.

Ijumaa, kabla sijanywa chai, mlango uligongwa. Alikuwa jirani yangu Okello, askari kijana wa Lira ambaye huniita afande kama mkubwa wake wa kazi, amevaa shati ndani nje.

"Afande Hajji, bibi yangu iko na uchungu ya kuzaa. Boda hawezi panda. Gari, tafadhali."

Mtu haulizwi mara mbili jambo kama hilo. Nikampa ufunguo. Gari lilikwenda hospitali ya Mulago, likarudi kuchukua blanketi, likaenda tena, likamfuata mama mkwe wake upande wa pili wa mji, likaenda tena. Mimi nilizunguka ua nikihesabu tasbihi, na nakiri nilikuwa nazihesabu haraka kuliko inavyopasa. Jua lilikuwa linazama Okello aliporudi anacheka peke yake. Amepata mtoto wa kike, mama na mtoto wazima. Alhamdulillahi. Filta, hata hivyo, ilikuwa bado Kawempe, na Bahati alikuwa ameshafunga.

Jumamosi, baada ya swala ya alfajiri, tuliondoka, mimi na mke wangu Zubeda. Okello alikuwa ameamka kutuaga.

"Afande, gari ilikuwa inakohoa sana jana. Nikataka kutia petroli, mtu wa pampu akasema inataka dawa. Nimetia chupa moja. Nzuri, ya bei!"

Alisema kwa furaha ya mtu anayelipa wema. Nikamshukuru, na moyoni nikawaza kwamba dawa mbili ni usafi mara mbili. Tukasoma dua ya safari, tukashuka kilima.

Bombo tuliipita kabla ya joto. Gari lilikuwa linakwenda vizuri kuliko lilivyokwenda mwaka mzima, nami nilikuwa nimeshaanza kuyapanga maneno yangu. Si yale ya kuozesha tu, hayo ni mafupi. Nilitaka pia kumpa Zamzam nasaha: juu ya baba yake, juu ya subira, juu ya kushika swala ndani ya nyumba mpya. Nilikuwa nayarudia kwa sauti ya chini.

"Unaongea na nani?" Zubeda aliniuliza.

"Napanga nasaha."

"Punguza mwendo kwanza. Nasaha haina haja ya kufika kabla yetu."

Luwero, kwenye wauza mananasi, gari likashtuka mara moja, kama mtu aliyepaliwa. Nikajifanya sikusikia. Likashtuka tena. Mbele kidogo tulipanda mwinuko mdogo, nikakanyaga mafuta hadi mwisho, na lori lililobeba ng'ombe likatupita. Ng'ombe wote walitutazama. Kuanzia hapo sikuwa na raha. Nilishika usukani kama mtu anayelisukuma gari kwa mikono. Nikiangalia barabara naona saa, nikiangalia saa naona mkeka na nafasi yangu iliyo tupu.

Mto Kafu. Tulivuka daraja, na ng'ambo, panapouzwa makaa, injini ilizima. Nikawasha, ikanguruma, ikafa. Nikawasha tena, haikunguruma. Mama mmoja muuza makaa alituletea viti vya plastiki bila kuulizwa, kama mtu aliyezoea kupokea wageni wa aina yetu.

"Banange! Jamani, mzee," alisema. "Hapa gari zinapenda kulala."

Nikampigia Bahati.

"Papa, ulitia chupa ngapi?"

"Moja yako, na jirani yangu kaongeza moja jana."

"Na petroli uliongeza?"

"Hapana. Ilikuwa imebaki nusu ya tangi."

Zubeda alikuwa anatazama vidole vyake. Nikamwuliza mbona kanyamaza.

"Nanyamaza kwa sababu ya chupa ya tatu," akasema. "Nilinunua Alhamisi kwa kijana anayeuza vitu kwenye taa za barabarani. Nilikuona hulali kwa ajili ya gari. Nikamimina ulipokuwa msikitini."

Simu ilikuwa wazi, Bahati akasikia yote.

"Eeh, Mama Hajji! Chupa tatu mu nusu ya tangi? Ni gari ao ni mgonjwa wa Mulago?"

Zubeda alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ushungi. Mimi sikucheka. Bahati akaeleza kwamba dawa kali hivyo imeng'oa uchafu wa miaka yote kwa mara moja, wa tangi na wa mabomba, na wote umekwenda kuziba filta. Gari si bovu, limekabwa koo. Tungoje injini ipoe, maana petroli na moto havikai pamoja, kisha tufungue filta, tuweke mpya, na tukipata kituo tujaze tangi ili dawa ipungue ukali.

Kijana mmoja wa boda boda alitumwa Kigumba na filta kuukuu mkononi kama mfano. Nilisimama barabarani nikimtazama mpaka alipopotea, kisha nikaendelea kutazama pale alipopotelea. Niliketi, nikainuka. Nikafungua boneti, nikafunga. Mama muuza makaa akamwuliza Zubeda, "Mzee wako huwa hivi?" Zubeda akajibu, "Leo anaozesha binti." Yule mama akatikisa kichwa, akasema kwa Kiganda chake, "Kale, haya, mwache atembee."

Adhuhuri iliingia. Tulitandika khanga kando ya matete, nikaswalisha, mimi mbele na Zubeda nyuma. Kwa msafiri rakaa ni mbili tu. Nilipomaliza ya pili nikainuka kwenda ya tatu, mawazo yangu yakiwa yamo Kigumba kwenye duka la vipuri. Nikasikia Zubeda anapiga kofi nyuma yangu kunikumbusha. Nikarudi kukaa, nikasujudu sijda ya kusahau. Ndugu zangu, nimeswalisha watu wengi katika maisha yangu. Paji la uso wangu lilikaa juu ya khanga ile muda mrefu kuliko inavyotakiwa, kwa sababu niliona aibu kuliinua.

Yule kijana alirudi. Filta aliyoleta haikuwa ya gari letu, ilikuwa pana. Akaenda tena.

Simu ililia. Alikuwa sheikh wa Arua atakayefungisha ndoa. Aliniambia kwa upole kwamba upande wa bwana harusi wamefika kutoka Koboko, ni wengi, na wanataka kurudi kabla ya giza.

"Hajji, dini haikukufungia njia. Unaweza kunifanya wakili wako nikaozesha kwa niaba yako. Au tuahirishe. Wewe ndiye walii, tunasubiri neno lako."

Nilisema nitampigia. Kuahirisha kulikuwa mikononi mwangu. Ningeweza kusema neno moja, na wageni wale wote na masufuria yale yote ya pilau vikaningoja mimi. Nilimpigia Zamzam.

"Mwanangu, nipo Kafu. Ukisema tungoje, tutangoja."

Nilisikia ngoma na watoto nyuma yake.

"Baba mkubwa, mama amepika tangu jana, na bibi yake bwana harusi ni mgonjwa, ameletwa kwa gari amelala. Mfanye sheikh wakili wako. Lakini ufike."

"Ulitaka niseme mwenyewe."

"Nilitaka. Bado nataka. Fika tu."

Nikampigia sheikh. Nikasema: mimi, walii wa Zamzam, nakufanya wewe wakili wangu umwozeshe kwa niaba yangu. Lori la makaa likapita likiunguruma.

"Sikukusikia, Hajji. Rudia."

Mara ya kwanza niliyasema haraka, kama mtu anayemeza kidonge. Mara ya pili ilibidi niyaseme taratibu, nikijua ninachokitoa. Zubeda akanishika mkono wa shati.

Filta ya pili ilikaa. Kijana wa boda aliikaza mimi nikiwa nimeshika simu, Bahati akielekeza. Gari likawaka mara moja, likatoa moshi mweusi, kisha likatulia kabisa. Kigumba tulijaza petroli. Baada ya hapo, wallahi, lilikwenda kama siku lilipoteremshwa melini. Nilikuwa nimepewa mwendo baada ya kuacha kuuhitaji, na hilo lilinichoma. Karuma nyani walikuwa wamekaa kando ya barabara wakitazama magari. Pakwach tulivuka Nile, na saa yangu ikaonyesha kwamba alasiri imepita na binti yangu ni mke wa mtu. Nasaha yangu ilikuwa imenitoka kichwani. Nilijaribu kuikumbuka mpaka Nebbi, nikaacha.

Arua tuliingia magharibi ikiadhiniwa. Nyumbani kwa shemeji yangu, mama yake Zamzam, magari ya Koboko yalikuwa yamewashwa, yamegeuzwa kuelekea lango, na watu wamesimama wima. Mjomba wa bwana harusi, mtu mnene mwenye kofia ya kufuma, alinijia mikono imefunguliwa.

"Hajji, karibu! Bibi harusi wako ametufungia barabara. Ndoa imefungwa, duwa imesomwa, bibi yetu tumekwisha mpeleka nyumbani alale, lakini yeye haondoki. Anasema anangoja mtu."

Nilimkuta chumbani, amekaa ukingoni mwa kitanda, hina mpaka kwenye viwiko. Aliinuka akanishika mkono, akaunusa.

"Petroli," akasema.

"Petroli, mwanangu."

Wanawake waliokuwa naye waligeuka wakingoja mzee aseme. Nilitafuta maneno niliyoyapanga tangu Bombo, sikupata hata moja. Nikamwuliza, "Umekula?"

"Bado."

"Tangu asubuhi?"

"Nilikuwa nangoja."

Basi nikatoka, nikamwambia mjomba wa Koboko azimishe magari, kwa sababu binti yangu hajala. Wakazima. Tukaswali magharibi, tukakaa, pilau likapashwa moto. Zamzam alikula ubavuni mwangu, na ushungi wake mpya ukapata doa la mchuzi. Alipomaliza aliinuka mwenyewe, akachukua mkoba wake, akasema, "Sasa naweza kwenda." Nikamsindikiza mpaka mlango wa gari, na mimi ndiye niliyeufunga.

Jumatatu tulirudi. Naguru, Okello alikuwa langoni, mkewe ameruhusiwa kutoka hospitali. Nikampa ufunguo gari likiwa bado lina joto. Akaniuliza kama anunue dawa nyingine. Zubeda alimjibu kabla yangu.

Mmeniuliza nimejifunza nini. Kuhusu gari: chupa moja kwa tangi lililojaa, filta iwe tayari, na usilisafishe siku unayolihitaji. Kuhusu mimi mwenyewe, nilidhani binti yangu ananingoja kwa ajili ya haki yangu ya kumwozesha. Haki ile niliitoa kwa simu, kando ya makaa, na bado alikuwa amekaa ananingoja na njaa yake. Miaka yangu yote nimeomba nipewe subira. Siku ile niliiona kwa mtoto niliyemlea, nami sijui aliipata kwa nani.

Wewe unayesoma, Mwenyezi Mungu akufikishe kwa wanaokungoja. Akikuchelewesha, awape wao moyo wa kungoja na akupe wewe moyo wa kutulia, na akukutanishe nao chakula kikiwa bado kipo. Amin.