Sindano Iliyopulizwa

Kila ninapofungua mtungi wa kutakasia vyombo kwa mvuke pale maabara, na harufu ya chuma cha moto na pamba yenye unyevu ikanipanda puani, narudi kwenye zahanati ile ya ukingoni mwa kreta, asubuhi ya ukungu, mdogo wangu akiwa mgongoni mwa mama. Alikuwa na homa kali, na tangu siku iliyotangulia hakuwa amelia. Kimya hicho ndicho kilichomtisha mama.

Muuguzi alikuwa akichemsha sindano na bomba lake la kioo katika sufuria, juu ya jiko la mafuta ya taa.

"Sista, si yameshachemka?" mama aliuliza.

"Huku juu, mama, maji huchemka kabla hayajapata moto wa kutosha. Tuyaache kidogo."

Hatimaye aliinua sindano kwa koleo. Mama, kwa huruma, akainama akaipuliza ipoe, kama alivyotupulizia uji kila asubuhi.

Muuguzi akairudisha sufuriani. "Pumzi nayo ina vijidudu, mama. Na huu si uji."

"Basi nimemchelewesha mwanangu," mama alisema, akajiziba mdomo kwa khanga.

Tukasubiri upya, mvuke ukitiririka juu ya kioo cha dirisha. Khanga haikuondoka mdomoni mwake mpaka sindano ilipoingia, na mdogo wangu akaangua kilio kilichosikika hadi barabarani.

Mama akacheka huku machozi yakimtoka. "Lia, baba," alimwambia. "Lia tu."