Darasa Nililolipaka Chokaa

Alhamisi ya tarehe tisa Oktoba, mwaka jana, mke wangu alifariki katika hospitali mjini Lindi. Ilikuwa saa nne asubuhi. Sikuwa kando yake. Nilikuwa nimetoka kununua maji, na niliporudi muuguzi alikuwa ameshavuta pazia. Tulimzika siku ileile, jua likikaribia kuzama.

Alikuwa mwalimu wa ushonaji katika chuo cha ufundi cha serikali, huku kwetu kati ya Kilwa na Lindi. Mimi ni mhudumu wa chuo hichohicho. Nafagia, nafyeka nyasi, nafungua na kufunga milango, napeleka barua. Nimesoma mpaka darasa la saba, yeye alikuwa na diploma. Watu walinitania kwa hilo miaka yote na sikuona vibaya, maana lilikuwa kweli. Hata nyumbani nilimwita Mwalimu.

Nataka kuandika habari za darasa lake, kwa sababu kuna jambo nililifanya pale na wanaolijua vizuri ni wachache.

Darasa la ushonaji lilikuwa jengo la mwisho, upande wa mikorosho. Majengo yote ya chuo ni ya zamani, lakini lile lilikuwa limechoka kuliko mengine. Bati zilikuwa zimeoza kwenye misumari. Kwenye ukuta wa nyuma kulikuwa na ufa uliotoka chini ya lenta, karibu na paa, ukashuka hadi karibu na sakafu, na kila mwaka ulikuwa unafunguka kidogo. Mvua ikinyesha, Mwalimu na wanafunzi wake walisogeza cherehani katikati ya chumba wakazifunika nailoni, wakakaa juu ya meza kusubiri. Cherehani ikiingia maji ya paa lile, yenye kutu, haishoni tena vizuri hata ukiipaka mafuta ya namna gani.

Kila mwaka aliandika barua. Mimi ndiye niliyezipeleka ofisini kwa mkuu wa chuo, hatua arobaini kutoka mlangoni pake. Mkuu alikuwa mtu muungwana, na alitueleza kwenye vikao jinsi mambo yalivyo. Fedha za chakula na za vifaa vya kufundishia huja. Zitachelewa, lakini huja. Za kukarabati majengo ni fungu lingine. Vyuo ni vingi na vyote vimezeeka pamoja, kwa hiyo mhandisi hutumwa kupita chuo kwa chuo aone pa kuanzia. Palipo pabaya zaidi ndipo hupata kwanza.

"Tumuombe Mungu aje," alisema mkuu. "Maana darasa lile likipita masika mbili nyingine bila kuguswa, nitaambiwa niifunge fani ya ushonaji. Wanafunzi watapelekwa Mtwara."

Mwalimu alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Wasichana wake wengi walitoka vijiji vya ndani, Rutamba, Nyangamara na kwingineko. Aliniambia kwamba katika kumi, Mtwara watafika wawili. Waliobaki watarudi nyumbani kulima ufuta na kuolewa, na hakuna ubaya katika ufuta wala ndoa, lakini walikuwa wamekuja kutafuta kingine.

Basi mwaka mmoja kabla hajafariki, mwezi wa Septemba, ikaja taarifa siku ya Ijumaa kwamba mhandisi atafika Jumatatu. Mwalimu hakuwepo. Alikuwa ameenda kwao Kikole kumzika shangazi yake, na huko simu hushika mtu akipanda kilimani. Mkuu aliniita akaniambia, "Mzee, pasafishwe, mgeni asikute majani." Hakusema zaidi ya hapo.

Sisi watu wa pwani, mgeni akitarajiwa, nyumba hupakwa chokaa. Ikikaribia Idi, au watu wa posa wakija, kitu cha kwanza mtu huulizia chokaa. Nyumba iliyofubaa mbele ya mgeni ni aibu ya mwenye nyumba, hata kama ndani ana kila kitu. Baba yangu aliishi kwa kuchoma chokaa, na mimi nimeishika brashi ya katani kabla sijaishika kalamu. Kwao Mwalimu si hivyo. Watu wa Kikole mgeni akija humkimbilia kuku, ukuta hawautazami.

Jumamosi asubuhi nikachanganya chokaa na chumvi kidogo ili isichafue nguo za watu, nikaanza. Niliusugua ukuta wa nyuma, nikaujaza ule ufa kwa chokaa na mchanga, nikaulainisha kwa mwiko mpaka mkono haukuuhisi. Kisha nikapaka mikono mitatu ya chokaa. Kwenye dari kulikuwa na madoa ya maji, makubwa kama ramani. Nayo nikayapaka.

Mpishi wa chuo, ambaye alikuwa rafiki ya mke wangu, alipita na sinia la mchele akasimama mlangoni.

"Shemeji, harusi lini?"

"Harusi ya nani?"

"Yako. Mwalimu yuko msibani, wewe huku unapaka chokaa. Nikamwambie?"

"Anakuja mgeni wa serikali."

"Basi na jikoni kwangu upake. Au mgeni wa serikali hali chakula?"

"Imebaki nusu ndoo."

"Nipakie mlango tu. Aone mlango, ndani asiingie."

Nilicheka, na kwa kweli nikaenda nikampakia mlango. Nilikuwa na furaha siku ile. Jumapili nilirudia tena darasani, nikapanga cherehani mistari miwili, nikafuta vioo. Sikumwonyesha mkuu, maana alikuwa Lindi, lakini hata angekuwepo ningeona fahari kumwonyesha. Nilifikiri nafanya jema kwa mke wangu.

Jumatatu mhandisi alifika mapema. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye daftari na kamera ndogo. Alipita mabweni na mkuu, akapita karakana ya useremala, akaandika. Alipoingia darasa la ushonaji alisimama katikati, akageuka polepole.

"Hapa panatunzwa," alisema. "Hongereni sana."

Nilikuwa nimesimama mlangoni na funguo. Nilishukuru. Wakati huohuo Mwalimu akatokea nyuma yangu, bado na kanga ya safari, mkoba mkononi. Aliutazama ukuta wa nyuma. Aliutafuta ufa kwa macho, hakuuona.

"Mhandisi," alisema, "shikamoo. Mvua ikinyesha humu hatukai."

"Marahaba, mwalimu. Bati ni za zamani, nimeona."

"Na ukuta ule una ufa."

Mhandisi aliusogelea, akaupigapiga kwa kidole. "Uliwekwa plasta lini?"

Mwalimu alinitazama. Mkuu naye alinitazama. Ningeweza kusema juzi. Niliona kwamba nikisema, mkuu wa chuo ataonekana mdanganyifu mbele ya mgeni, na mke wangu pia, na mimi ndiye niliyewatia humo. Nikasema, "Kitambo kidogo."

"Mimi naandika ninachokiona, mwalimu," alisema mhandisi bila ukali. "Wenzenu kuna mahali nimekuta paa liko chini."

Akaandika, akatoka kwenda kunywa chai.

Usiku Mwalimu alipakua chakula kama kawaida. Tulipokuwa tunakula aliuliza, "Nani alikutuma?"

"Hakuna."

"Mkuu?"

"Mkuu alisema pasafishwe tu."

"Sasa wewe ulitaka aone nini?"

"Nilitaka aone mahali pako pana mwenyewe."

"Yule hakuja kututembelea, bwana. Alikuja kutazama ugonjwa." Baadaye akasema, "Na lile la kitambo kidogo?"

Alininawisha mikono, akatoa vyombo. Hakulirudia tena neno lile hata siku moja, na mara nyingi nilitamani alirudie, tugombane, liishe.

Orodha ilitoka baada ya mwaka mpya. Chuo chetu hakikuwemo. Masika ilipofika, chokaa yangu ilibabuka kwa mabamba, na ufa ukaonekana mpana kuliko ulivyokuwa, kwa sababu maji yalikuwa yameingia nyuma ya kile nilichoujaza. Cherehani nne ziliharibika wiki moja. Mkuu akafunga chumba, na Mwalimu akahamishia darasa bwaloni, kati ya chai ya asubuhi na chakula cha mchana. Wanafunzi walikata vitambaa juu ya meza zenye mafuta, wakitandika magazeti kwanza. Saa sita mpishi aligonga sufuria na kila kitu kikabebwa.

Mwezi wa sita Mwalimu akaanza kuvimba miguu. Sitasema darasa ndilo lililomuua. Daktari alisema figo, na kwamba ugonjwa ulianza zamani, na mimi namwamini. Lakini mwezi ule wa mwisho, kitandani, maswali yake yalikuwa ya bwaloni. Siku moja alifungua macho akaniuliza, "Siku hizi mpishi anapakua saa ngapi?"

"Saa sita na nusu."

"Kawaongezea nusu saa," alisema. "Mungu ambariki."

Baada ya arobaini nilirudi kazini. Fani ya ushonaji ilikuwa bado hai kwa jina. Alikuja mwalimu mpya, binti mdogo, akaendelea palepale bwaloni. Mkuu aliniambia ameshapata barua: chumba kisipopatikana, wanafunzi wapya hawatapokelewa.

Mwezi wa Februari ikaja taarifa ya mhandisi mwingine. Mkuu akaniita. Alikuwa ameinamia meza yake.

"Mzee, unajua la kufanya."

"Sifagii, mkuu."

Aliinua uso. Nadhani alitaka kucheka, kisha akaona sitanii. "Hata uwanja?"

"Uwanja nitafagia. Mle ndani sigusi."

Mhandisi safari hii alikuwa mwanamke, na viatu vyake vilikuwa vya kazi kweli, vimeshachubuka. Alifungua daftari akasoma taarifa ya mwenzake. "Hapa imeandikwa hali nzuri, ukuta mzima," alisema. Akautazama ukuta. "Mwaka na nusu tu?"

Mkuu alikohoa. Alianza kusema habari za mvua, kwamba mvua za miaka hii ni nyingi, na alikuwa anasema kweli. Nikasema, "Naomba niseme, mkuu." Nikamwambia yule mama kwamba aliyemwonyesha mwenzake ukuta mzima ni mimi. Kwamba ufa ulikuwepo, nikaujaza siku ya Jumamosi, na Jumatatu nilipoulizwa nikasema plasta ni ya kitambo. Kwamba mwalimu aliyekuwa akifundisha hapa alitaka kusema na mimi nikamfungia njia.

"Nani alikuagiza?"

"Hakuna mtu. Mgeni alikuwa anakuja."

Sijui mhandisi yule alitoka upande gani wa nchi, lakini nilihisi alilielewa neno hilo la mgeni. "Una nyundo?" akauliza.

Nilileta nyundo na ngazi. Aliniambia nigonge, nikagonga. Chokaa ya juu ilianguka, kisha ule mchanga nilioujaza, kisha tofali lenyewe likatoka vipande. Akanambia nisimame. Akaingiza mkono wake kwenye ufa mpaka karibu na kiwiko, akamwomba mkuu ampige picha hivyo. Kisha akapanda ngazi mwenyewe akachungulia kenchi, zile mbao za paa. Aliposhuka alikuwa na vumbi kichwani.

"Mmefanya vizuri kukifunga chumba," alimwambia mkuu. "Kisifunguliwe." Halafu kwangu: "Yule mwalimu yuko wapi?"

"Amefariki."

"Pole, mzee. Alikuwa nani kwako?"

"Mke wangu."

Aliandika kurasa mbili.

Mkuu hakunichukulia hatua yoyote. Alinikalia kimya wiki moja, ya pili akanituma kupeleka barua posta kama kawaida. Nilikuwa tayari kwa lolote, kwa hiyo wepesi ule ulinisumbua kidogo.

Safari hii fungu lilitoka, kwa darasa la ushonaji peke yake: paa, kenchi, na ukuta wa nyuma kujengwa upya kutoka msingi. Mabweni yatasubiri, na jiko halikutajwa. Mpishi alinilalamikia kana kwamba mimi ndiye waziri.

"Ungegongagonga na kwangu, shemeji."

"Hukuniita."

"Niliita ulipokuwa na chokaa. Ulipokuwa na nyundo hukuniambia."

Mafundi wamekuja Jumatatu hii. Vuli imeanza, na msimamizi wao alisema ni heri wangekuja mwezi wa nane, lakini fedha hufika zinapofika. Jana walishusha bati zote za zamani na kuzipanga chini ya mikorosho. Leo asubuhi walianza kubomoa ukuta, wakiutoa tofali moja moja kutoka juu. Mwalimu mpya alikuja kuniuliza atapewa ufunguo lini, awaambie wazazi wa wanafunzi wapya. Nikamwambia msimamizi amesema wiki tano. Alihesabu kwa vidole, akasema basi ni Januari, akaenda kupiga simu. Saa saba ikapita mvua ndogo. Mafundi walishuka, wakasimama chini ya mikorosho wakila mihogo ya kuchemsha. Ilipokatika, wakapanda tena.