Yai Jeupe la Papa Kambale

Juzi, kwenye video ya simu, nilimwona mtu akicheza gofu. Alifumba macho, midomo ikatikisika, akavuta pumzi ndefu, kisha akapiga. Nikamkumbuka Papa Kambale, jirani yetu wa mtaa wa Mapendo nilipokuwa mtoto.

Mchana mmoja kulinukia sombe, majani ya muhogo yaliyokuwa yakichemka, na makala ya jikoni. Ng'ambo ya uzio wa mbao, Papa Kambale alisimama juu ya kipande cha zulia alichokitandaza kwenye mawe meusi ya volkano. Alichomoa fimbo ya chuma katika mfuko mrefu, akaipima mkononi, akairudisha, akachukua nyingine. Kisha akafumba macho na kunong'ona, uso ukielekea nyumba yetu. Fimbo ikapita hewani, vuuu. Haikugusa kitu.

"Mama, anaongea na nani?"

"Nyamaza. Funga dirisha, asituloge."

Tulikuwa tumekaa gizani kitu kilipogonga bati na kudondoka uani. Kilikuwa cheupe, kigumu, chenye vishimo vishimo. Niliamini ni yai la nyoka. Mama alikinyunyizia maji ya baraka, akakifukia chini ya mawe.

Papa Kambale alipobisha hodi kuulizia kampira kake keupe, Mama alimjibu kwa upole, "Apana, papa. Hatujaona kitu."

Leo najua Papa Kambale alikuwa anatuliza moyo tu kabla ya kupiga. Nilimweleza Mama hivyo, nikamwonyesha ile video. Aliitazama mpaka mwisho, akanirudishia simu.

"Sawa, ni muchezo," alisema. "Na mwenzake wa kucheza naye alikuwa wapi?"