Ua la Kesha Chini ya Lami

Solange Mangeot alikuwa na vyombo vya maua arobaini na kimoja, na hakuna hata kimoja kilichowahi kutiwa ua. Vilijaza kabati la sebuleni, vikapanda juu ya friji, vikaingia hadi chumbani kwake: kioo cha matabaka mawili, kilichochongwa kwa asidi, chenye mayungiyungi, mizabibu na mbigili za mkoa wa Lorraine. Vyote vilitoka karakana moja ya Nancy, ya Bwana Vaucourt, iliyofungwa mwaka wa thelathini na sita. Matajiri wa Paris walikusanya kazi za mabwana wenye majina makubwa. Solange, mpishi mstaafu wa shule, alikusanya vya Vaucourt kwa sababu baba yake, Joseph, alikuwa mmoja wa wachoraji wake.

Mmoja kati ya kumi na wawili. Kila mchoraji alibandika kikaratasi chenye jina lake kwenye kitako cha chombo ili ahesabiwe kazi, na chombo kilipotumbukizwa, asidi ilianza kula kikaratasi. Lililobaki ni jina la Vaucourt, mtu ambaye hakuwahi kulowesha hata ncha ya kidole. Joseph alivuta mvuke wa asidi ile miaka ishirini, akafa akiwa na miaka arobaini na minne, akikohoa usaha. Hakuna kitabu kilichomtaja. Makumbusho yana vyombo vyenye taa chini yake, na watu hupita wakinong'ona kama wako kanisani, wala hakuna anayeuliza ni nani aliyelipia uzuri ule kwa mapafu yake. Solange alikuwa akiuliza. Kwa miaka thelathini alizunguka minada ya vitu vya darini akitafuta chombo kimoja tu ambacho angeweza kusema bila kusita: hiki ni cha baba.

Alikipata Jumamosi moja ya Oktoba, mwaka wa sabini na tisa, mezani kwa mwanamke aliyekuwa akiuza mali ya marehemu babu yake, msimamizi wa zamani wa karakana ile.

"Hicho kimeharibika, bibi," mwanamke alisema. "Kimejaa masizi. Nipe faranga thelathini, na hiyo chupa nakupa bure. Ya madini ya risasi hiyo! Imenivunja mgongo."

Hayakuwa masizi. Ilikuwa lami, iliyopakwa kwa brashi nyembamba kama unyoya, na chini ya kitako palikuwa na kikaratasi cha manjano: *Mangeot. Ua la kesha. Asidini: saa moja na nusu.* Chombo kilikuwa hakijawahi kutumbukizwa, na chupa ile ilikuwa ya asidi ya karakana. Solange alilipa bila kuomba kupunguziwa. Kwake hilo halikuwa limetokea tangu vita viishe.

Upande wa pili wa uwanja wa nyumba yake aliishi Achille Colnot, wa mwisho aliye hai kati ya watu wa chumba cha asidi. Alikigeuza chombo mwangani, akaguna.

"Joseph huyu. Loo, mkono ule!"

"Na chupa? Bado inafanya kazi?"

Achille aliinamia kizibo kwa mbali, akakunja pua, akarudi nyuma. "Hiyo haizeeki, Solange. Ingekuwa mwanamke ningeioa." Kisha kicheko kikamkauka. "Usiiguse. Jumatatu nitawapelekea wazima moto."

"Na ua langu?"

"Si hilo hapo? Mimi naliona."

"Unaona lami, mzee. Nikiisafisha, kinabaki chombo cha zambarau kitupu kama chungu cha mkojo. Ua litatoka asidi ikila kila mahali ambapo lami haipo. Wewe ndiye uliyenifundisha."

"Basi nimekosea kukufundisha. Baba yako mwenyewe angekukataza."

"Baba hawezi kunikataza kitu. Ndiyo maana namtafuta."

Hata hivyo alimwahidi Achille kwamba hataigusa chupa. Jumapili Achille alipokwenda kula kwa binti yake, Solange aliingia kwenye banda la uani na ndoo ya plastiki, akavaa glavu za mpira zilizomsuguia masufuria ya shule miaka kumi. Alikibandua kikaratasi, akakiweka ndani ya kitabu chake cha sala. Kisha akaimimina asidi.

Hakukuwa na sauti yoyote. Hilo ndilo lililomshangaza. Alitarajia kitu kitakachochemka, kitakachonguruma, lakini chombo kilizama mle kama ndani ya maji, na moshi mwembamba ukaanza kutembea juu ya ndoo. Alitoka nje, akakaa kwenye ngazi na saa ya jikoni mapajani. Njiwa waliokuwa juu ya banda waliruka mmoja mmoja wakaenda kutua paa la jirani. Kioo cha dirisha la banda kikaanza kufifia taratibu, kama jicho linaloingia mtoto wa jicho. Alipovua miwani aifute, haikufutika.

Achille alirudi mapema, na kipande cha keki ya plamu ndani ya leso. Aliliona dirisha jeupe, keki ikamwanguka.

"Umefanya nini, we mwanamke?"

"Bado dakika ishirini. Usinipigie kelele Jumapili."

"Mbona unasugua kidole?"

"Si kitu. Kinauma kama jino."

Achille alimnyakua mkono. Kidole cha shahada kilikuwa na wekundu kidogo tu, mtu angedhani ameguswa na upupu. "Glavu," alisema. "Umevaa glavu! Sisi tulipaka mafuta ya nguruwe, tukanawa kila dakika. Glavu ikiwa na tundu la sindano inaishikilia asidi kwenye nyama. Ngozi haina habari. Ukianza kuumwa, ujue iko mfupani; maumivu yakikoma ghafla, ujue nyama imeshakufa. Twende hospitali. Sasa hivi!"

"Nikikitoa sasa nitapata kivuli, si ua."

"Acha kivuli!"

"Nimengoja miaka thelathini, Achille. Dakika ishirini zitaniua?"

"Ndiyo! Watu wamekufa kwa chini ya hapo!"

Alimkokota hadi bombani, akaushikilia mkono wake chini ya maji baridi, akitukana watakatifu wote wa Lorraine kwa majina. Solange alitazama saa juu ya bega lake. Maumivu yalipanda kiwikoni, yakafika begani, na jasho likamtoka puani, lakini hakulia. Dakika zilipotimia alichomoka, akajaza pumzi, akaingia bandani.

Alikiosha chombo kwa maji mengi, akaifuta lami kwa tapentaini. Zambarau ikajitokeza juu ya weupe: maua matatu ya kesha, yale ya malishoni wakati wa vuli, yasiyo na majani, ambayo hata ng'ombe huyakwepa kwa sumu yake. Moja lilikuwa limelegea kwa mvua. Petali yake ilikuwa imeanguka chini ya shina, kazi ambayo Vaucourt asingemruhusu mtu kuiuza.

"Baba," Solange alisema.

Achille hakulitazama ua. Alikuwa anatazama ukucha wa Solange, ambao ulikuwa umegeuka rangi ya jivu.

Ndani ya gari la Achille, Solange alikipakata chombo kwenye taulo, akikigeuza huku na huku kwa mkono mzima. Walipofika daraja la mfereji aliuinua ule mwingine na kucheka kidogo.

"Unaona? Ulinitisha bure, mzee. Kidole hakiumi tena."

Taa mbele yao iliwaka nyekundu, naye Achille akakanyaga mafuta, akapita.